Pointi Zangu Thelathini na Nne

Kama unasoma hii ukiwa kwenye benchi nje ya wodi ya majeruhi, na ndani kuna mtu wako, na daktari amekutajia namba fulani ukabaki unaigeuzageuza kichwani, nakuomba usiharakishe kupiga simu nyumbani. Mimi nilikuwa na namba. Ilikuwa mbaya. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha simu utaipiga ukitaka.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya kata wilayani Bunda, na kwa miaka mingi nimekuwa pia mwalimu wa taaluma, yaani yule anayeshika matokeo ya shule. Sifa yangu ilikuwa moja. Nikishaona alama za mtihani wa moko, ule wa majaribio, nilikuwa naweza kutabiri mwanafunzi atapata nini mtihani wa taifa. Nilikuwa naandika ubashiri wangu kwenye daftari, nalifungia kabatini, na matokeo yakitoka nalifungua mbele ya walimu wenzangu. Mara nyingi nilipatia. Waliniita nabii, nami sifa hiyo niliipenda kuliko nilivyokubali.

Mmoja kati ya walioandikwa humo ni mdogo wangu, Wambura, tumbo moja na mimi. Alisoma shuleni kwangu akiishi kwangu. Mtihani wa kidato cha nne unahesabiwa kwa pointi, na chache ndizo nzuri: saba ni ya juu kabisa, na ukifika thelathini na nne umepata sifuri, hakuna cheti. Wambura alipata thelathini na nne. Nilikuwa nimeandika hivyo hivyo.

Alikuja ofisini kuniuliza afanye nini. Walimu walikuwa wamejaa, daftari limefunguliwa mezani, na mimi nimevimba kichwa kwa kupatia. Nikamwambia, "Thelathini na nne. Mimi nilishaiona tangu moko. Rudi Butiama ukachunge, ila wakuangalie, usije ukapoteza na ng'ombe." Watu walicheka. Jioni yake Wambura alibeba godoro na sanduku lake akaondoka, na Butiama hakufika. Alikwenda Musoma, akaingia karakana moja ya kuchomelea mageti pale Mukendo, akajifunza kazi, akawa fundi. Kwa miaka kumi na moja tulikutana misibani tu, tukasalimiana kama watu waliowahi kukaa benchi moja.

Sasa nije kwenye ajali.

Nina ekari tatu za pamba. Msimu wa kuuza ukifika, lori linakuja ghalani, na pamba ikishapakiwa lazima watu wapande juu waishindilie kwa miguu ili ienee. Kazi hiyo naipenda tangu utoto. Jumamosi hiyo nilikuwa juu kabisa, naruka na kuimba na vijana, mwalimu mzima. Kamba ya pembeni nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Niliiegemea, ikafunguka. Nilianguka chini, na roba mbili za pamba, yale magunia makubwa, zikanifuata zikatua kifuani. Kama ulidhani pamba ni nyepesi, kaa chini ya roba uone.

Siku tisa zilizofuata sina habari nazo. Nilizounganisha ni za Mama Neema, mke wangu, na za Sista Rhobi, nesi wa wodi. Nilifikishwa hospitali ya Bunda, nikafungwa mguu, nikawekwa kwenye gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa Musoma. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimevunjika na damu imejaa kifuani. Paja lilikuwa limekatika. Kichwa kilikuwa kimepata mtikisiko na damu kidogo ndani. Walinitoboa ubavuni wakaingiza mpira wa kutoa damu, mguu ukaning'inizwa kwa uzito, na miguuni mwa kitanda ikatundikwa fomu.

Fomu hiyo ndiyo kiini cha habari yangu. Daktari wa zamu, kijana mtaratibu, alikuwa anaijaza kwa kila majeruhi. Mwili unagawanywa sehemu, kila sehemu iliyoumia inapewa alama kwa ukubwa wa jeraha, kisha sehemu tatu zilizoumia zaidi zinachukuliwa, kila alama inazidishwa kwa yenyewe, halafu zinajumlishwa. Kifua changu kilipewa nne. Kichwa tatu. Mguu tatu. Chini ya fomu, ndani ya duara, ikaandikwa thelathini na nne.

Baba mkubwa Mgendi, ambaye tangu baba yetu afariki ndiye msemaji wa ukoo, alifika siku ya tatu kutoka Butiama. Aliiona namba kabla hajaniona mimi. Akamuuliza daktari ni ya nini. Daktari akamwambia ni alama ya uzito wa majeraha.

"Ikiwa kubwa ndiyo nzuri?" baba mkubwa akauliza.

"Hapana, mzee. Ndogo ndiyo nzuri."

Basi. Hakutaka kusikia zaidi. Nyumbani kwetu hakuna asiyeijua thelathini na nne; mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha, kwa kumcheka Wambura kila sikukuu mbele ya nyama. Baba mkubwa alitoka nje akapiga simu, na kabla jua halijazama Butiama nzima ilikuwa inasema mwalimu amepata sifuri. Turubai lilifungwa uani kwangu, kwenye mji wangu wa Butiama. Watu wakaanza kuleta kuni.

Simlaumu. Kwake ilikuwa aibu mwenye mji kukata roho kati ya wageni, akarudishwa amefungwa shuka. Alitaka nipumulie pumzi ya mwisho uani kwangu, niusikie mji wangu. Ijumaa alikuja na gari la kukodi, Noah, na ndugu wanne. Daktari alimwambia wazi kwamba nikitolewa mpira na kusafirishwa nitafia njiani, ila ndugu wakisisitiza, wana haki ya kusaini. Mama Neema alikataa. Alilia, akapiga magoti, akashika miguu ya baba mkubwa.

"Mama Neema," baba mkubwa akamwambia, "sisi tunaijuaga hii namba. Usitutese. Mwenye mji anafiaga kwake."

Mke wangu akaona maneno yake hayatoshi. Akatoka, akatembea kwa miguu mpaka Mukendo, akauliza karakana kwa karakana mpaka akampata Wambura. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Watu walidhani hatajali, na wengine waliogopa kwamba atafurahi.

Wambura alifika na ovaroli yake, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Hakusalimia mtu. Alisimama miguuni mwa kitanda akasoma fomu mpaka mwisho. Kisha akatoa futi ya chuma mfukoni, akainama, akaanza kunipima, kutoka kiganja mpaka kisigino.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Mama Neema aliketi sakafuni na chupa yake ya uji. Baba mkubwa peke yake ndiye aliyefurahi. Alivua kofia.

"Afadhali, mura, kijana wangu, umekuwa mwanaume. Pima na mabega kabisa, huyu mtu ni mpana."

"Mabega ya nini, baba mkubwa?"

"Si unapima sanduku?"

Wambura alikuwa anaandika vipimo kwenye kiganja chake. Akamaliza kuandika kwanza. "Sanduku la nini? Napima fremu ya kutembelea. Akiamka atatembelea nini, mikono?"

Ndugu walianza kusema wote kwa pamoja. Sista Rhobi akaja kutuliza, naye ndiye aliyenisimulia kilichofuata neno kwa neno, maana anasema hajawahi kukisahau.

"Sista," Wambura alimuuliza, "hii namba inasema alivyoingia au inasema atakavyotoka?"

"Inasema alivyoingia. Ya kutoka inajazwa hapa chini, bado wazi."

Wambura akaweka kidole kwenye kile chumba kitupu. "Baba mkubwa, mbona hapa hamjasoma?"

"Mura, namba ni namba. Kaka yako mwenyewe ndiye alitufundishaga. Yako aliisoma, na hakukosea."

"Kuhesabu hakukosea. Alikosea aliponiambia pa kwenda." Akarudisha futi mfukoni. "Mimi nilipataga hiyo hiyo, baba mkubwa. Mbona mnanisalimiaga kama mtu mzima?"

Baba mkubwa alivaa kofia yake, akaketi. Mwishowe akasema atasubiri wiki moja, lakini turubai halifunguliwi. Noah ikarudi Butiama na ndugu wanne, bila mimi.

Niliamka Jumatatu, mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mabomba ya bluu mbele ya macho yangu, yananuka rangi mbichi. Nilidhani niko kwenye geti la shule na nimechelewa zamu. Ilikuwa fremu. Wambura alikuwa ameimaliza kwa siku mbili na kuitundika miguuni mwa kitanda, mbele ya fomu, hata anayetaka kusoma thelathini na nne alilazimika kuisogeza. Pembeni yake, kwenye benchi, Wambura mwenyewe alikuwa amelala ameachama mdomo. Nilimtazama mpaka machozi yakaingia masikioni. Sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa mizito.

Kuanzia hapo muda wangu nilikuwa naupima kwa matibabu. Kuna wiki ya mpira wa kifuani, ambapo nilikuwa nasikiliza mapovu kwenye chupa chini ya kitanda, na kila kukohoa kulikuwa kama kuvunjwa upya. Kuna siku ya kutoa mpira, ambapo Sista Rhobi aliniambia nivute pumzi niishike, nikaishika, na nilipoachia nikagundua kwamba nimepumua bila kulia. Kisha zikaja wiki sita za mguu kuning'inia. Nitakuambia ukweli kuhusu hizo wiki sita, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Utanuka. Mgongo utatoka malengelenge wasipokugeuza, kwa hiyo omba ugeuzwe, usione haya. Mapaja yatasinyaa mpaka utashangaa ni ya nani. Utamchukia anayekuletea chakula kwa sababu yeye anatembea. Mimi nilimkaripia Mama Neema kwa ajili ya sato aliyechemshwa bila chumvi, mwanamke aliyekuwa anasafiri Bunda kwenda kuangalia watoto na kurudi Musoma kuniangalia mimi, kila wiki. Aliweka bakuli chini akasema, "Mwalimu, mimi nilishakulilia kabisa mara moja. Sina machozi ya chumvi." Wodi nzima ilicheka, nami nikala sato wangu kimya.

Kilichoniuma zaidi ni kujisaidia kitandani. Mama Neema akiwa Bunda, aliyekuwa ananishughulikia ni Wambura. Alikuja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, mikono ina makovu ya cheche, akaniosha kama mtoto. Hakuonyesha kinyaa. Hakuongea pia. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia.

"Wambura," nikamwambia, "yale maneno ya ofisini."

Alikuwa anakamua kitambaa. "Yepi?"

"Unayajua."

"Sema mwenyewe. Mimi niliyabeba, wewe yataje tu."

Nikayataja. Nilitaja mpaka ile ya ng'ombe. Yalikuwa machafu kuliko nilivyokumbuka, na nilikuwa nayasema nikiwa uchi, mguu juu, mbele ya mtu anayenifuta. Nikamwomba msamaha. Katikati mbavu ziliuma, ikabidi ningoje kidogo kisha nimalizie.

"Nilikasirika miaka mitatu hivi," alisema. "Baadaye nikapata oda nyingi." Akanifunika shuka. "Ila walimu wale waliocheka, nimewafungiaga mageti wawili, na yote yanalia."

Tulicheka, na ni kicheko kilichonitesa mbavu kuliko kikohozi. Sijutii.

Siku moja nilimwomba daktari anipe ile fomu niisome. Nilitaka kutafuta kosa. Miaka yote hii nasahihisha madaftari, nikajua lazima kuna mahali kijana amepitiwa. Nne kwa nne, kumi na sita. Tatu kwa tatu, tisa. Tatu kwa tatu, tisa. Nikajumlisha mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Daktari alikuwa anatabasamu.

"Kwa hiyo ulijua nitakufa," nikamwambia.

"Nilijua umeumia sana, mwalimu. Wenye namba kama yako wengi tunawapoteza, siwezi kukudanganya. Lakini namba siiandiki ili ndugu wajue walie lini. Naiandika ili tujue tumkimbilie nani kwanza. Umeona kitanda chako kilipo?"

Kilikuwa cha kwanza, karibu kabisa na meza ya manesi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jumamosi ile majeruhi tulikuwa watano, akaniambia, na mimi ndiye niliyewekewa mpira kabla ya wote. Nilifikiria daftari langu kabatini, na majina yote niliyoyaandikia thelathini na nne tangu moko, kisha nikakaa nikasubiri yatimie. Wakati wa kuwakimbilia ulikuwepo. Mimi niliutumia kujipongeza.

Siku ya kusimama ilifika mwanzoni mwa Septemba. Mtaalamu wa mazoezi alishusha fremu ya bluu akaikagua viungo vyake kimoja kimoja, akauliza nani kachomelea. Wambura alikuwa amesimama mlangoni anajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mama Neema naye alikuwepo. Nikashika mabomba. Urefu ulinikaa sawasawa mkononi. Alipima mtu asiye na fahamu na hakukosea hata nusu inchi. Niliinuka. Dunia ilizunguka, jasho likanitoka, goti likatetemeka kama la ndama, lakini nilikuwa wima. Nilipiga hatua tatu, na mgonjwa wa jirani, yule aliyegeukia ukutani, akapiga makofi.

Niseme wazi: nilijivuna. Nimesimama mbele ya wazazi na maafisa elimu nikasifiwa, na haikuwa kitu mbele ya hatua tatu zile. Nilijivunia mguu wangu mwembamba. Nilijivunia mke wangu aliyekwenda Mukendo kwa miguu. Zaidi ya vyote nilijivuna kila alipoulizwa mtu, "Hii fremu mmenunua wapi?", nami nikawahi kujibu kabla ya mwingine yeyote, "Hainunuliwi. Ametengeneza mdogo wangu."

Niliruhusiwa vuli ikiwa imeanza kunyesha. Bunda ilikuwa mbali kwa mtu wa kliniki kila wiki mbili, kwa hiyo nilikaa kwa Wambura, mtaa wa Makoko pale Musoma, vyumba viwili na mke na watoto watatu. Shemeji yangu huyo, ambaye sikuwahi kumtembelea hata mara moja, alinipa chumba cha ndani, wao wakabanana sebuleni. Asubuhi upepo wa ziwa ulikuwa unaingia dirishani, nami nafanya mazoezi ya kuvuta pumzi. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Wambura akakata mpira wa tairi akaongezea soli ya kiatu changu, akaupiga gundi na misumari. Kiatu hicho kinagonga sakafu kwa mlio wake, na watoto wa Makoko walikuwa wanautambua kabla sijakata kona.

Benchi la kliniki ya mifupa nalijua kama ninavyoijua ofisi yangu. Lina ubao mmoja uliolegea upande wa mlango, usikalie huo. Nenda mapema, beba maji na kitu cha kutafuna, na picha zako za eksirei ziweke kwenye mfuko mgumu. Utakutana na watu wa bodaboda, wa punda, wa kuanguka kwenye mti. Zungumza nao. Mimi niliokolewa na maongezi ya benchi siku ambazo mfupa ulikuwa unachelewa kuunga na nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Mzee mmoja wa Nyegina, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa mwezi wa nne sasa, alinipa nusu ya muhogo wake akaniambia, "Mwalimu, mfupa hauna bosi." Nikautafuna muhogo na maneno yake pamoja.

Pamba ya msimu ule ilipandwa na Mama Neema na watoto, bila mimi. Nilifika nyumbani wakati wa palizi ya kwanza, nikaketi kwenye kiti pembeni ya shamba nikiwaelekeza, mpaka Neema, binti yangu mkubwa, akaniambia kwa heshima kwamba jembe moja la ziada lingefaa kuliko maelekezo. Jumapili moja tulikwenda Butiama. Turubai lilikuwa limeshafunguliwa siku nyingi, ila kuni za msiba wangu zilikuwa bado zimepangwa uani. Baba mkubwa Mgendi alinisubiri amesimama. Alinitazama kuanzia kiatu kirefu mpaka kichwani, akaigonga fremu kwa kidole.

"Kumbe alikuwa anapima hii," alisema.

"Hii hii, baba mkubwa."

"Mimi nilikuwa nimeshachagua na mbuzi." Machozi yalimlengalenga, akayaficha kwa kofia. Mbuzi yule tulimla siku hiyo, tukampika kwa zile kuni za msiba, na kiti cha heshima, pembeni ya baba mkubwa, alikalishwa Wambura. Hakuna aliyetaja pointi. Mwenyewe nilijilazimisha kutozitaja, na mnajua nilivyo.

Mwishoni mwa Januari matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Nilikuwa nimerudi kazini kwa nusu siku. Walimu walisubiri nifungue daftari, kama kawaida. Niliwaambia daftari nimeliacha nyumbani, na ilikuwa kweli. Kabla ya saa sita msichana mmoja alikuja akasimama mlangoni, hawezi kuingia. Nilijua bila kuuliza, unabii huo bado ninao. Nikavuta kiti nikamwambia akae. Nikamwambia namba aliyopata inasema ameumia wapi, basi tuanze pale palipoumia zaidi. Tuliketi na karatasi mpaka kengele ya mchana ikapita. Anarudia mtihani mwaka huu, na jioni anashona.

Daftari sijalichoma. Ubashiri bado naandika, kila baada ya moko, ila sasa halifungiwi kabatini. Wenye namba mbaya wanakaa dawati la mbele, karibu na meza yangu.

Kliniki yangu ya mwisho imekuwa mwezi uliopita, malori ya pamba yakiwa yameanza tena kupita. Niliingia kwa fimbo tu. Wambura aliacha kazi akaja, na safari hii alikuwa amevaa shati la kanisani. Daktari alitoa faili, akafungua ile fomu ya kwanza, imeshachakaa pembeni, akajaza chumba cha chini kilichokuwa kitupu mwaka mzima. Aliandika kwamba mgonjwa yu hai, anatembea, amerudi kazini. Wambura akaomba aione. Alisoma taratibu, kidole kinafuata maandishi, kama alivyofanya siku ile. Kisha akatoa simu akaipiga picha, akamtumia baba mkubwa bila kuongeza neno.

Fremu hatukuondoka nayo. Sista Rhobi ana wagonjwa wanaoihitaji, na Wambura ameiwekea misumari ya kupandisha na kushusha ili imfae mrefu na mfupi. Kabla ya kuikabidhi aliipaka rangi upya, na kwenye bomba la mbele akaandika 34 kwa rangi nyeupe, kubwa, ya kusomeka toka mlangoni. Manesi wameshaizoea, unawasikia wakiitana, "Hebu niletee thelathini na nne, huyu anataka kusimama."

Basi wewe uliye kwenye benchi, ukiingia ndani itafute. Ni ya bluu, iko karibu na kitanda cha kwanza. Aliyeitengeneza alipata thelathini na nne, na aliyeitumia kwanza alipata thelathini na nne. Mpe mtu wako aishike. Akishaweza kutembea bila hiyo, irudishe wodini.